Bahasha ya Wiki ya Kumi na Moja

Saa mbili kamili asubuhi, Jumatatu ya wiki ya kumi na moja ya muhula, taa ishirini na tatu kwenye paneli ya kitabiri zilibadilika kutoka kijani kuwa nyekundu. Zote zilichukua sekunde nne. Kila taa ilikuwa ya mwanafunzi mmoja, na wekundu wake ulimaanisha kwamba mtambo umekwisha kuandika insha ambayo mwanafunzi huyo angeiwasilisha Ijumaa, umeitia kwenye bahasha yake ya kidijitali na kuifunga.

Leokadia Msengi aliziona taa hizo kwenye kishikwambi chake akiwa mita mia moja na kumi juu ya ardhi, ndani ya kichwa cha mnara wa upepo namba 64, kilomita tisa nje ya mji wa Singida. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane, na kwa miaka kumi na minne kazi yake ilikuwa kukagua mbawa za minara. Alihakikisha taa yake nayo imewaka, akafunga kishikwambi, akaendelea kukaza boliti.

Chuo cha Nyanda kilianza kutumia kitabiri mwaka 2086, baada ya walimu wake wa uandishi kukata tamaa. Kwa miaka mingi walikuwa wamejaribu kutenganisha insha za watu na insha za mashine, na walikuwa wameshindwa. Kitabiri kiliuliza swali jingine. Hakikujali nani ameandika. Kilipima kama kilichoandikwa kingeweza kujulikana kabla. Kila mwanafunzi alitia saini kukiruhusu kisome barua zake, ripoti zake za kazini na mazungumzo ya makundi yake ya simu. Kila Jumatatu kiliandika insha kiliyoitarajia kwake. Ijumaa saa kumi alasiri insha hizo mbili ziliwekwa pamoja na mfanano wake kupimwa. Ukizidi asilimia sitini, wiki imepotea. Bahasha ikifunguliwa kabla ya Ijumaa, wiki imepotea vilevile. Mwenye kupoteza wiki tatu alifutwa kwenye kozi.

Leokadia alikuwa amepoteza mbili, ya nne na ya tisa.

Cheti cha kozi hiyo ndicho kitu pekee kilichobaki kati yake na kitengo cha uchunguzi wa ajali. Miaka sita nyuma mwenzake alikufa kwenye mnara namba 31. Ripoti ilikuwa na kurasa mbili, ilisema marehemu alikuwa mzembe, na haikutaja boliti iliyokatika. Leokadia aliishika boliti hiyo kwa mkono wake. Tangu siku hiyo alitaka awe yeye anayeandika ripoti.

Saa tatu kasoro robo binamu yake, Elifasi, alipiga simu kutoka hospitali ya wilaya.

"Dada, uko juu?"

"Niko juu. Sema."

"Mzee anakuulizia. Ananiambia, yule mpanda minara wangu haji?"

"Anakula?"

"Vijiko viwili vya uji. Miguu imevimba zaidi kidogo ya jana. Yote nimeandika kwenye kundi la ukoo."

"Nimeona. Mwambie Jumamosi. Nikishakabidhi kazi Ijumaa, Jumamosi asubuhi niko hapo."

"Atasema Jumamosi yako ni kama ya fundi cherehani."

"Mwache aseme. Mgonjwa anayetania si mgonjwa sana."

Mzee Gideoni Mkumbo alikuwa kaka wa mama yake, na ndiye aliyemlea tangu darasa la pili. Alikuwa amelazwa siku nane kwa moyo. Hospitali ilikuwa mwendo wa dakika hamsini kwa treni. Leokadia alishuka mnarani saa kumi, akarudi nyumbani, akakaa mezani. Zoezi la wiki lilikuwa *Maisha ya mtu mmoja, maneno mia sita*. Alimchagua mzee anayepaka rangi namba za minara, na hadi saa moja jioni alikuwa na maneno mia mbili na kumi. Aliona anakwenda vizuri.

Jumanne saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, Mzee Gideoni alifariki.

Leokadia alifika msibani saa mbili asubuhi. Kabla hajamaliza kutoa pole, Mama Elifasi, mjane wa marehemu, alimshika mkono.

"Wewe ndiye unayesomea kuandika. Historia ya marehemu utaiandika wewe, isomwe Alhamisi makaburini."

"Sawa, mama."

Alijua papo hapo kwamba hataweza kuandika kazi mbili. Aliuacha ukurasa wa mpaka rangi na kuanza upya. Na alipoanza, aliona hatari. Historia ya marehemu kila mtu anaijua: alizaliwa, akasoma, akaoa, alikuwa mcheshi na mpenda watu, ameacha mjane na watoto watano. Kitabiri kingeweza kuiandika yote bila kumjua Mzee Gideoni. Ili asipoteze wiki ilibidi apate jambo ambalo halijawahi kuandikwa kwenye simu ya mtu yeyote.

Jumatano alizunguka uani na daftari, akiuliza. Majirani walimwambia marehemu alikuwa mcheshi na mpenda watu. Nyuma ya jiko aliona kopo la maziwa ya unga limefungwa kwenye mti wa uzio, mdomo juu.

"Kopo la nini hili, mama?"

"La mvua," Mama Elifasi alisema. "Mume wangu huyo, kila kukicha anatoka na rula hajanawa hata uso."

"Aliandika wapi?"

Mama Elifasi alimwonyesha sanduku chini ya kitanda. Mlikuwa na madaftari kumi na saba. Vipimo vilianza miaka thelathini na mmoja nyuma, bila kuruka siku, hadi asubuhi aliyopelekwa hospitali. Siku zisizo na mvua ziliandikwa sifuri. Sifuri zilikuwa nyingi.

"Usiniambie unaliingiza kopo kwenye historia ya marehemu," Mama Elifasi alisema. "Watu watacheka msibani."

"Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli. Ila uandike pia alikuwa mpole."

"Alikuwa mpole?"

Mama Elifasi alifikiri. "Siku za mvua," alisema.

Leokadia akaliandika hilo nalo.

Alhamisi saa nane mchana historia ilisomwa. Watu walicheka mara mbili, na Mama Elifasi alikuwa mmoja wao. Ijumaa saa tisa na dakika thelathini na nane Leokadia aliwasilisha maneno hayo hayo chuoni, akiwa ameketi kwenye mkeka wa msibani. Saa kumi matokeo yakaja. Mfanano: asilimia hamsini na mbili. Wiki imepita.

Mwanafunzi aliruhusiwa kusoma bahasha yake baada ya matokeo, na Leokadia alikuwa amezisoma zote tangu wiki ya kwanza, kwa sababu zilimfundisha anakotabirika. Akaifungua ya kumi na moja. Ilianza hivi:

*Mjomba wangu, Gideoni Mkumbo, alifariki Jumanne alfajiri, kabla sijafika kumwona.*

Aliisoma sentensi hiyo mara tatu. Akashuka hadi chini ya ukurasa kuangalia muhuri wa muda. Kisha alitoka uani, akampigia mwalimu wa kozi, Salehe Mjengi.

"Mwalimu, shikamoo. Bahasha yangu ilifungwa saa ngapi?"

"Marahaba. Jumatatu saa mbili kamili, kama zote. Kuna tatizo? Nimeona umepita."

"Mjomba wangu amefariki saa ishirini na moja na dakika ishirini baada ya hapo. Kifo chake kimo ndani. Siku ni hiyo hiyo."

"Pole sana, Leokadia," Mwalimu Mjengi alisema. "Lakini kile kitu hakijui kama kinajua. Kimejengwa kuandika insha, basi."

"Kilipata wapi?"

"Mlikuwa mnaandika hali ya mgonjwa kwenye kundi?"

Walikuwa wanaandika. Baada ya simu Leokadia alilifungua kundi la ukoo na kurudi nyuma siku nane. Elifasi alikuwa ameweka kila kitu, asubuhi na jioni: pumzi kwa dakika, kiasi cha mkojo, uvimbe wa miguu, vijiko vya uji. Leokadia alikuwa amesoma kila ujumbe siku ulipoingia, na chini ya kila mmoja alikuwa ameandika *Mungu ni mwema*. Alisoma namba moja moja. Kitabiri kilizisoma zote kwa pamoja, kikaona zinakoelekea, kikaweka jibu mahali ambapo palikuwa hapafunguliwi hadi Ijumaa.

Alitumia Jumamosi na Jumapili kuandika ripoti. Alichora jedwali la saa: bahasha kufungwa, simu ya Elifasi, yeye kushuka mnarani, treni nne ambazo angeweza kuzipanda Jumatatu. Alipofika kwenye chanzo aliandika kwamba hakuona kosa la mtu; kila aliyehusika alifanya kazi yake. Aliandika pia: *Sijui kama mjomba angeishi. Najua kwamba ningemkuta.* Aliifuta sentensi ya pili, akaitazama nafasi iliyobaki, akairudisha, kwa sababu umbali na muda viliithibitisha.

Jumatatu ya wiki ya kumi na mbili, saa moja na nusu asubuhi, alikuwa mlangoni kwa Mwalimu Mjengi. Mwalimu alikuwa mtu mwembamba wa miaka hamsini na kitu, na mezani kwake paneli ya kitabiri ilikuwa bado kijani. Alisoma kurasa tatu za ripoti. Saa mbili taa zikageuka nyekundu akiwa bado anasoma. Alipofika mwisho alisoma kwa sauti.

"'Pendekezo. Bahasha zote zisomwe na mtu siku zinapofungwa, kuanzia leo.'" Akaweka karatasi chini. "Unajua kanuni. Nikifungua, nimewapotezea wote wiki."

"Wenzangu nani amepoteza mbili?"

"Hakuna. Ni wewe tu."

"Basi wao wana wiki ya kupoteza."

"Wao wanayo. Wewe huna." Mwalimu alivua miwani. "Zimebaki wiki tatu, Leokadia. Hii ripoti ni nzuri kuliko zote nilizosoma mwaka huu. Iwasilishe Ijumaa. Mimi nitafungua hizo ishirini na mbili, nijibu mwenyewe kwa mkuu wa chuo. Yako niiache."

"Ukiiacha yangu utakuwa hujakagua."

"Ndani ya yako kuna nini? Wewe unaijua hali ya nyumbani kwako."

"Wiki iliyopita nilidhani naijua."

Mwalimu Mjengi alivaa miwani, akaivua tena.

"Mnara mmoja ukirukwa, ukaguzi haujafanyika," Leokadia alisema. "Sisi hatusaini. Anza na yangu, Mwalimu, usije ukabadili mawazo njiani."

"Nani kakwambia nitabadili?"

"Umevua miwani mara mbili."

Mwalimu akacheka kidogo, puani, akavaa miwani na kuingiza ufunguo wake. Taa ya kumi na nne, ya Leokadia, ilizimika saa mbili na dakika thelathini na moja. Sekunde chache baadaye kishikwambi cha Leokadia kilitetema. Ujumbe ulikuwa wa mstari mmoja: wiki ya tatu imepotea, jina lake limeondolewa kwenye kozi. Alikifunga.

"Bahasha inasemaje?" aliuliza.

"Ni ripoti hii hii." Mwalimu alipitisha kidole kwenye kioo. "Jedwali, treni nne, hakuna kosa la mtu. Karibu neno kwa neno. Ungeanguka hata kama ungeiwasilisha."

"Na pendekezo?"

Mwalimu alishuka hadi mwisho, akapanda, akashuka tena. "Pendekezo halimo."

"Endelea na nyingine."

Waligawana kazi mezani, Mwalimu akisoma na Leokadia akiandika namba na saa. Zoezi la wiki lilikuwa *Ripoti ya tukio*. Bahasha ya kwanza ilihusu ng'ombe aliyeingia kituo cha treni. Ya pili, ugomvi wa wapangaji. Ya tano, kukatika kwa maji. Saa tatu kasoro dakika tano walikuwa wamefika ya kumi na sita, ya Zakayo Njiku, mwalimu wa shule ya msingi ambaye darasani alikaa safu ya nyuma na kula karanga.

Mwalimu Mjengi alisoma mstari wa kwanza, akaacha. Aligeuza kioo ili Leokadia asome mwenyewe.

*Jumatano saa tisa alasiri nilikuta mke wangu ameanguka jikoni, anatetemeka mwili mzima. Ujauzito wake ulikuwa wa miezi minane.*

"Leo ni Jumatatu," Leokadia alisema.

Mwalimu alikuwa ameshashika simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikakatika tena. Leokadia aliandika saa za simu zote mbili. Ya tatu ilipokelewa saa tatu na dakika nane. Nyuma yake zilisikika kelele za watoto wa shule.

"Mwalimu wangu, shikamoo. Nimekosea nini tena? Ijumaa bado."

"Njiku, mkeo yuko wapi?"

"Felista? Yupo nyumbani. Kwani?"

"Anaumwa?"

"Kichwa tu, tangu juzi. Na analalamika macho yana giza. Tumesema ni uchovu, mkono umevimba hata pete haitoki. Kwani, Mwalimu, nani kakwambia?"

"Mpeleke hospitali."

"Nina kipindi hadi saa—"

"Sasa hivi, Njiku. Waambie hayo matatu, kichwa, macho na mikono. Usimwache aende peke yake."

Kelele za watoto zilipungua, kama mtu aliyefunga mlango nyuma yake. "Nakwenda," Zakayo alisema.

Bahasha saba zilikuwa zimebaki. Walizisoma. Hazikuwa na jambo. Leokadia aliandika namba ya mwisho, akapiga mstari chini yake, akaweka saini na saa.

Saa nne kasoro dakika kumi na moja ujumbe wa Zakayo uliingia kwenye simu ya Mwalimu Mjengi: *Tumefika. Wanampima presha.*