Kofia ya Nihal Kwenye Kadi ya Ijumaa

"Shemeji, hiyo kofia umeitoa wapi?"

Muhanad alikuwa ndiyo kwanza anavua makubadhi mlangoni, katoka kusali Ijumaa. Akajipapasa kichwani.

"Hii? Kanipa mke wangu. Nzuri, eh?"

"Hebu geuka nyuma."

"Nihal, hata salamu hakuna?"

"Geuka, shemeji. Tafadhali."

Akageuka huku anacheka. Nihal hakucheka. Nyuma ya kofia kulikuwa na maua mawili ya uzi wa rangi ya maziwa, mengine yote meupe. Uzi mweupe ulimwishia mwishoni kabisa, akautafuta Pangani nzima akaukosa, akamalizia na huo. Kofia ya kushona kwa mkono haina pacha, na hii aliishona yeye. Tena kwa mujibu wa habari alizonazo, wakati huu ilitakiwa iwe Maskati, kichwani kwa mchumba wake Luay.

Hebu tuelewane kwanza. Luay ni kaka yake Ghadir, na Ghadir ndiye mke wa huyu Muhanad. Miaka mitatu nyuma fatiha ilisomwa, Nihal akavishwa pete, Luay akapanda ndege kwenda kutafuta maisha. Akamwacha mama yake, Bi Muzna, kapooza upande mmoja. Ghadir anaishi Tanga mjini na huja siku za Ijumaa tu, kula na kuondoka. Nihal akajifunga kibwebwe: kumwogesha, kumlisha, kumgeuza ubavu. Hakuona kama ni kazi. Alikuwa anamtunza mama mkwe.

Na kilichomtia nguvu kilikuwa kadi. Kila Ijumaa asubuhi simu ililia ting, namba ya Oman. Picha ya Luay, mara ufukweni, mara mbele ya msikiti, imezungushiwa mawaridi yanayometameta, na maneno chini: "Ijumaa Karim, ua langu la uani. Subira yako naiona." Nihal alikuwa akikaa ukingoni mwa kitanda na kumsomea Bi Muzna kwa sauti.

"Amin," Bi Muzna husema, macho kayafumba. "Mwanangu anajua kusema, huyu."

Kupigiana hakukuwapo. "Kazini kwao hawaruhusiwi, wifi," Ghadir alimwambia. "Tuma kadi, naye atakutumia kadi." Nihal akameza, maana mtu akipenda humeza hata mwiba. Akajifunza kutengeneza zake, akawa anajibu. Yasini wa Mwera, mwenye minazi yake na heshima zake, alileta posa, Nihal akamkataa mpaka baba yake, Mzee Amur, akanuna mwezi mzima. Yasini sasa ana mke.

Mfungo uliopita ndipo aliposhona kofia, akampa Ghadir ampe msafiri wa Maskati. Siku ya Idi kadi ikaja, Luay kaivaa. "Nimeivaa, nimekuvaa wewe." Nihal alilia kwa furaha siku ile.

"Shemeji," Nihal akamwambia Muhanad, "una namba ya Luay?"

"Ninayo. Si juzi tu tumeongea?"

"Mmeongea? Kwa sauti?"

"Sasa tuongee kwa nini, kwa kope?"

"Mpigie. Weka spika."

Ghadir alikuwa jikoni anapakua pilau. Akatoka na mwiko mkononi.

"Muhanad, usipige!"

Simu ilishapokewa.

"Shemeji! Ijumaa Karim!"

"Luay, ni mimi. Nihal."

Nyuma ya Luay mtoto analia, na sauti ya mwanamke ikauliza, "Baba Sabra, nani huyo?"

"Nihal yupi?" Luay akasema.

Nihal akaisogelea simu. "Wa Pangani. Kofia yangu umeipata?"

"Kofia gani?"

"Na kadi za Ijumaa? Si wewe unayenitumia?"

"Kadi? Mimi sijamtumia mtu kadi." Akashusha sauti. "Sikiliza, Nihal. Mwaka ule ule nilimwambia Ghadir akwambie nimeoa. Nilijua umeshaolewa zamani. Nisamehe, nina watu hapa."

Akakata.

Muhanad akavua kofia taratibu. "Ghadir, si uliniambia anajua Luay kaoa, na hapa analipwa mshahara? Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu."

"Ghadir!"

"Basi ndiyo!" Mwiko ukaanguka. "Laini yake ya Oman aliyonitumia na msafiri alipobadili namba ninayo mimi. Picha zake za zamani ninazo. Unakata, unabandika, unaweka mawaridi, unatuma. Kuna kazi gani?"

"Na kofia?" Nihal akauliza.

"Nilimvika Muhanad kalala, nikampiga picha, nikaihamisha kofia kichwani kwa Luay. Baada ya hapo niitupe? Kofia nzuri vile?"

"Miaka yangu, Ghadir. Nimemkataa Yasini kwa ajili ya picha zako."

"Nani alikufunga kamba? Mie nilituma picha, kuamini uliamini mwenyewe. Ulitaka niache nyumba yangu mjini nije kufua mikojo? Mtumishi ana mshahara, Nihal. Wewe ulikuja bure, tena unacheka."

Muhanad akamwangalia mkewe kama mgeni. Nihal akaingia chumbani kwa Bi Muzna, maana nyumba ile alibakiwa na mtu mmoja wa kulia naye.

"Mama, umesikia alivyonifanya?"

"Nimesikia."

"Yale maneno matamu yote, kumbe ya Ghadir!"

Bi Muzna alikuwa anatazama dari.

"Ghadir hajui kusema na mtu," akasema polepole. "Maneno ni yangu. Alhamisi hunipigia, mie namtajia, yeye anaandika. Ua la uani ndivyo alivyokuwa akiniita marehemu mume wangu."

Nihal akakaa ukingoni mwa kitanda, pale pale alipozoea kusomea.

"Nilikuwa nakusomea, mama. Ukisema amin."

"Ukisoma ulikuwa unang'aa, mwanangu. Mie nakupenda, Wallahi."

"Sasa kwa nini?"

"Ningekwambia kweli, nani angenigeuza?"

Jibu lile lilimuuma kuliko la Luay na la Ghadir yakijumlishwa. Nihal akafuta macho kwa mtandio. Akavua pete, akaiweka juu ya mto, kando ya sikio la Bi Muzna.

"Ghadir!" akaita. "Njoo na beseni. Mama kalowa."

Ghadir akaja kakunja pua, beseni kalishika mbali na nguo zake. Alipofika kizingitini Nihal akampiga picha. Akasimama pale pale akaizungushia mawaridi, yale yale yanayometameta, na chini akaandika: "Ijumaa Karim. Miaka mitatu Ghadir ananitumia kadi za Luay za uongo ili nimuuguze mama yao. Kuanzia leo mama anaogeshwa na mwanawe." Akamwambia Muhanad amwingize kwenye kundi la ukoo wao, alilokuwa akinyimwa na Ghadir siku zote, lenye watu wa Tanga, Maramba na Maskati, akaitupia humo.

"Futa! Nihal, futa hiyo!"

"Mashangazi washaiona."

Simu ikaanza kulia mfululizo. Katikati ya maswali ya ndugu kukatokea mstari mmoja mdogo: Luay ametoka kwenye kundi. Nihal akausoma mara mbili. Hata kujitetea hakujitetea.

"Nihal," Bi Muzna akaita, "ubavu unaniuma. Nigeuze, mwanangu."

Mikono ya Nihal iliinuka yenyewe, kwa mazoea. Akaishusha, akatoka. Muhanad alimkimbilia mpaka barazani.

"Chukua kofia yako. Naona haya."

"Vaa tu, shemeji. Hukujua. Na kwenye kadi ilikuwa imetoka kichwani kwako."

Akatembea kwenda kwao. Dirishani nyuma yake sauti ya Bi Muzna ilikuwa inalalamika, "Si hivyo, Ghadir, unaniumiza! Mkono chini ya bega kwanza, kama Nihal." Nihal akalia njia nzima, wala hakujificha.

Ijumaa iliyofuata, asubuhi, simu ikalia ting. Namba ya Oman. Mawaridi yalikuwa yale yale, ila katikati hakuwapo Luay. Alikuwapo Bi Muzna, kalazwa vibaya, shingo imepinda, mto umemtoka. Chini yake maneno: "Ua langu la uani, nakuomba urudi. Hawajui kunigeuza."

Nihal alikuwa peke yake uani kwa baba yake. Akaisoma kadi kwa sauti mpaka mwisho, kama alivyozoea. Safari hii hakukuwa na wa kusema amin. Akaizuia namba ile, akaenda kuanua nguo.