Majibu ya Bi Mwajabu

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Maulida alimpelekea bibi yake chai ya tangawizi barazani. Waliishi pamoja pale Zinga: Maulida, mama yake aliyeitwa Esha, mwenye duka dogo, na Bi Mwajabu, mama mzazi wa Esha. Bi Mwajabu alikuwa mpishi wa shughuli anayejulikana mpaka Makurunge. Hakukuwa na harusi ya maana iliyopikwa pilau bila yeye kusimama juu ya sufuria.

"Mke mwenzangu," bibi humwita kwa utani, "hii chai umeipika au umeikoga?"

Siku hizi utani huo ulikuja kwa marudio. Bibi alicheka, kisha akauliza vilevile kwa sauti ileile, na Maulida akacheka tena kana kwamba hajausikia. Kwenye harusi ya jirani pilau lilitiwa chumvi mara mbili. Watu wakala kwa adabu, wakanywa maji mengi, wala hakuna aliyesema neno. Ila tangu siku hiyo hakuna aliyekuja tena kumwita Bi Mwajabu apike.

Esha aliliona hilo, akaogopa. Siku ya bibi kwenda kliniki ya presha ilipofika, hakuwa na wa kumwachia duka, hivyo alimwagiza Maulida ampeleke bibi zahanati na amweleze daktari wazi kwamba bibi anasahau. Njiani Bi Mwajabu, ndani ya baibui lake safi, alimshika mjukuu wake mkono, akamsihi asimtie aibu mbele ya watu.

Daktari wa zahanati alikuwa mpole. Kama alivyowafanyia wazee wote, alimtajia bibi maneno matatu ayashike: kamba, chungu, embe. Akaongea naye mambo mengine, kisha akayataka yale maneno. Bi Mwajabu alitaja kamba. Halafu akakwama, vidole vyake vikisokota ncha ya mtandio.

Madrasa, Maulida alifundishwa kwamba mwenzako akikwama katikati ya kisomo, unamkumbusha aya. Kumwacha akitapatapa si uungwana. Basi alifanya alichokijua. Daktari alipoinama kuandika, alinong'ona, "Chungu. Embe." Bibi akasema chungu, akasema embe. Bibi alipoulizwa siku na mwezi, alimnong'onezea pia. Daktari alipomgeukia yeye na kumuuliza kama bibi husahau nyumbani, alijibu kwamba bibi ana akili timamu kuliko wao wote.

Daktari alitabasamu, akaandika kwenye kompyuta kwamba mgonjwa ana presha na kumbukumbu zake ni nzuri. Akampa Bi Mwajabu vidonge vya mwezi mzima, ameze mwenyewe, kimoja kila asubuhi. Nyumbani Maulida alisema kuwa daktari hakuona tatizo. Mama yake akashusha pumzi, asiulize zaidi.

Haukupita muda mrefu. Maulida alirudi kutoka shule akamkuta bibi ameanguka jikoni, uso wake baridi, mguu umepinda vibaya kutoka nyongani. Kando yake ilikuwapo karatasi ya vidonge. Ilipasa kubaki na vidonge tele, lakini ilikuwa tupu. Aliitia mfukoni, kisha akakimbia kumwita mama yake.

Hospitalini, Bagamoyo mjini, Daktari Amal alimuuliza Bi Mwajabu amemeza dawa gani.

"Kidonge kimoja, mwanangu, kama siku zote," bibi alijibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye hakika.

Daktari akatazama kompyuta, akasoma yaliyoandikwa zahanati, akamwamini. Aliagiza wapime damu, wapime moyo, watafute kitu gani kinashusha presha namna ile. Namba kwenye mashine zikazidi kuteremka. Esha alikuwa ameshika miguu ya mama yake, akiomba dua kimoyomoyo. Maulida alitazama zile namba, akatoa ile karatasi mfukoni.

"Daktari, bibi anasahau," alisema. "Tangu kabla ya kwenda zahanati. Amemeza, akasahau, akameza tena. Kule zahanati mimi ndiye niliyemnong'onezea majibu."

Bi Mwajabu alifumbua macho. "Umenivua nguo mbele ya watu, Maulida," alisema, akageuzia uso ukutani.

Daktari Amal alibadilisha matibabu papo hapo, na kufikia magharibi presha ilianza kupanda. Bibi alinusurika. Nyonga yake, hata hivyo, ilikuwa imevunjika, na kwa umri ule madaktari hawakutarajia atembee tena.

Kesho yake daktari aliwaita Esha na Maulida mbele ya kompyuta. Aliwaeleza kwamba kila ugonjwa una namba yake, na namba hiyo humfuata mgonjwa, kwa kuwa kompyuta za vituo vyao husomana. Akienda Kiwangwa au Dar es Salaam, daktari ataiona na kujua aanzie wapi. Bi Mwajabu alikuwa na namba ya presha peke yake. Sasa daktari akaongeza ya kupungua kwa kumbukumbu, hatua ya awali, na chini yake akaandika kwamba dawa apewe na ndugu, asiachiwe mwenyewe.

"Sasa atapona?" Maulida aliuliza.

"Dawa ya kurudisha kumbukumbu hatuna," daktari alijibu. "Huenda zikazidi kupotea. Tunachoweza ni kumlinda."

Nje ya chumba Maulida alilia, akasema kwamba alikuwa akimkumbusha tu, kama madrasa.

"Madrasa unamkumbusha mwenzio kwa sauti, mwalimu akasikia alipokosea," Esha alisema. "Wewe ulinong'ona. Na mimi nililila lile pilau nikanyamaza. Sote tulidhani tunamsitiri. Ukimwambia daktari uongo, mwanangu, atautibu uongo, na mgonjwa atabaki na ugonjwa wake. Heshima ya bibi yako ilikuwa kusema kweli mapema, wakati bado anatembea."

Waliporudi wodini, Bi Mwajabu alikuwa bado ameelekea ukutani. Esha alimpa Maulida bakuli la uji. Maulida akasimama kando ya kitanda, akingoja bibi ageuke.