Nilikupa Kalamu, Sikukupa Shamba

Asubuhi ile nilikamua ng'ombe, nikakata majani ya migomba, nikanawa miguu. Wapimaji wa ardhi walikuwa wanakuja kijijini kwetu, juu ya Ngaramtoni. Shamba langu la migomba na kahawa aliniachia marehemu mume wangu.

Mpimaji alikuwa binti aitwaye Evelyn. Hakuwa na daftari. Alikuwa na kishikwambi, kile kioo bapa kama kibao cha shule. Tulizunguka mipaka, kisha akanipa kalamu isiyo na wino.

"Saini hapa, mama."

Nilisoma hadi darasa la tatu. Jina langu, Namnyaki, naliandika vizuri. Lakini nililaza kiganja juu ya kioo kama kwenye daftari. Ramani ya shamba iliyokuwa kwenye kioo ikaruka. Nikakandamiza kalamu. Ikatokea mistari kama nyayo za kuku.

Jirani yangu Soila akacheka. "Namnyaki, unachimba viazi?"

Majirani wote waliokuja kushuhudia mipaka wakacheka. Uso uliniwaka. Nikampa kalamu Sadoki, mdogo wa marehemu.

"Saini wewe, shemeji. Hiki kitu si cha wazee."

Sadoki akamwambia Evelyn jambo, akasaini. Mimi nilitazama chini. Sikuuliza kitu.

Wiki iliyofuata orodha ilibandikwa ofisi ya kijiji. Niliifuata kwa kidole, polepole. Shamba langu lilikuwa na jina la Sadoki.

Sikumwambia mtu. Ningesemaje, na kalamu nilitoa mwenyewe? Jumapili sikwenda hata kanisani. Ndipo akaja mwalimu Nashipae, tunayepakana naye.

"Shikamoo, bibi. Unaumwa?"

"Marahaba. Siumwi, mwanangu. Naona aibu."

Nikamweleza yote. Hakucheka. Alitoa kishikwambi chake cha shuleni.

"Bibi, hiki kioo kinasikia kila kinachokigusa. Kiganja chako ndicho kilichovuruga ramani. Inua mkono, gusa kwa ncha ya kalamu tu, taratibu. Ukikosea, unafuta."

Nilijaribu mara tano. Jina likatoka.

"Hilo ni dogo," akasema. "Kubwa ni hili: saini ya kwenye kioo ni saini kamili, kama ya karatasi. Usisaini, wala usimpe mtu akusainie, kabla hujasomewa. Jina la nani? Shamba lipi? Mipaka ipi? Kusomewa ni haki yako."

"Si nimeshachelewa?"

"Orodha imebandikwa ili watu waseme penye kosa. Twende."

Ofisini watu walikuwa wengi, Evelyn na Sadoki wakiwemo.

"Lile shamba ni langu," nikasema. "Nilitoa kalamu kwa sababu ya aibu."

"Shemeji, unanidhalilisha mbele za watu!" Sadoki akafoka. "Si ulinipa mwenyewe?"

"Nilikupa kalamu. Sikukupa shamba."

Mwenyekiti wa kijiji, mzee Sironka, akawauliza majirani wa mpakani. Soila akajibu, "Ni la Namnyaki. Nani asiyejua?" Evelyn akarekebisha, akaninyooshea kalamu.

"Nisomee kwanza," nikasema.

Akasoma kwa sauti: jina langu, mipaka yote minne. Nikainua mkono, nikasaini. Herufi zilipinda, na Sadoki sikuweza kumtazama. Aibu haiondoki kwa siku moja. Lakini shamba lilikuwa na jina langu.

Mama aliyenifuata kwenye foleni alipewa kalamu. Hakuishika.

"Na mimi nisomee," akasema.