Bakuli la Kibwana

"Mchoyo ni mchoyo tu, hata umpake samli," Biubwa alisema, na sauti yake ikavuka ua wa makuti mpaka njiani. "Mtoto wa mwaka mmoja unampakulia peke yake kama sultani. Wanetu sisi wanakula sinia moja na wenzao."

Jirani yake, Sikuzani, alikuwa amempakata binti yake, Mwanaasha, akimlisha kunde zilizopondwa. Biubwa akaapa kwamba kuanzia siku ile hali tena kwa Sikuzani, na Sikuzani asile kwake. Wapita njia pale kijijini Kibuta wakapunguza mwendo, maana ugomvi wa majirani hauna kiingilio.

Kumbe hasira ile ya Biubwa ilikuwa hofu. Mwanawe, Kibwana, na Mwanaasha walizaliwa mwezi mmoja. Mwanaasha alishaanza kutembea, akifukuza vifaranga. Kibwana alikuwa bado anajikokota kwa matako, miguu myembamba kama vijiti vya mshikaki. Watu walishaanza kunong'ona kwamba mtoto amepigwa jicho baya. Biubwa alipenda umbea, lakini huu ulimchoma yeye mwenyewe.

"Nimemaliza," Biubwa alisema.

"Mimi sijaanza," Sikuzani akajibu. "Mchana nitakuja kwako. Sitakula. Nitatazama tu."

Akaja kweli. Biubwa akatenga sinia la ugali wa muhogo na mchuzi wa dagaa. Watoto wake wakubwa watano wakalizunguka, mikono ikadonoa kama kuku waliomwagiwa mtama. Kibwana hajameza tonge la kwanza, dagaa wameisha. Akabaki ananyonya kipande cha ugali mkavu.

"Sinia lako limejaa, shoga," Sikuzani alisema polepole. "Lakini huyu hajala."

Biubwa akakaa kitako. Kila siku alitenga, kisha akageukia jiko. Hakuwahi kukaa akatazama.

Sikuzani akamweleza aliyofundishwa na mkunga wa kliniki kule Kisarawe. Tumbo la mtoto wa mwaka ni dogo, kwa hiyo ale kidogo kidogo, mara nyingi. Muhogo peke yake hujaza tumbo lakini haujengi mwili. Awe na bakuli lake, apakuliwe kwanza kutoka chungu kile kile, ili mama aone amekula kiasi gani.

"Mara nyingi ngapi? Mimi saa sina."

"Adhana si unaisikia?"

Wakapanga siku nzima pale pale jikoni. Baada ya alfajiri anyonye, na jua likitoka apate uji wa mahindi wenye karanga zilizotwangwa laini. Katikati ya asubuhi, papai. Adhuhuri ale ugali laini na kunde, au samaki aliyetolewa miiba, pamoja na mchicha. Alasiri apate ndizi mbivu au yai. Kabla ya kulala ale tena chakula kamili. Ziwa asiachishwe bado, mikono ioshwe kwa sabuni, na maji yake ya kunywa yachemshwe.

"Yai? Si wanasema mtoto akila yai atakuwa mwizi?"

"Mimi nimekuzwa kwa mayai. Umeibiwa nini?"

Biubwa akacheka, mara ya kwanza wiki ile.

Siku za mwanzo Kibwana alitema nusu ya bakuli. Biubwa hakumlazimisha, alingoja, akamjaribu tena. Mumewe, Mwinyimadi, alinung'unika kwamba siku hizi mtoto anapakuliwa kabla ya baba. Lakini mashavu yalipoanza kujaa, ni yeye aliyepanda kunde nyuma ya nyumba.

Mwezi wa tatu tangu siku ile, adhuhuri moja, Biubwa alikuwa anapakua. Kibwana akashika khanga ya mama yake, akasimama. Akaiachia. Akapiga hatua mbili, akaanguka juu ya bakuli lake, akalia kwa sauti iliyoshiba.

Biubwa akamfuta kunde usoni, akaenda uani na mtoto kiunoni.

"Sikuzani," aliita juu ya makuti. "Kile kiapo changu nimekitengua. Mchukue Mwanaasha, njooni. Watoto wameshapakuliwa, sasa ni zamu yetu. Karibu ndani, shoga, tule."