Usivute Kanzu ya Mwenye Birika

Kila asubuhi, kabla maduka ya Kariakoo hayajafunguliwa, hoteli ya Bwana Hamud ilikuwa imeshajaa watu. Kwanza walikuja wachukuzi wa sokoni. Kisha wenye maduka. Mwisho walikuja makarani waliokuwa wakienda kazini Posta, mashati yamepigwa pasi, macho kwenye saa. Wote walitaka chai ya maziwa, na wote waliitaka sasa hivi.

Hoteli ilikuwa na meza kumi na mbili na watumishi wawili wa mezani, Mzee Bakili na mimi, Mwinyimvua. Mzee Bakili alikuwa na miaka hamsini na kitu. Yeye alibeba birika kubwa la chai, akipita meza kwa meza na kumimina. Mimi nilipeleka maandazi, sambusa na maneno mengi. Nilikuwa nimemaliza darasa la kumi, nangoja barua ya kazi, na nilidhani kila mtu mjini anahitaji kuchekeshwa kabla ya kunywa chai.

Sote wawili tulivaa kanzu nyeupe. Balaa lilianzia kwenye kanzu hizo, na aliyelianzisha ni mimi.

Siku moja mteja mmoja aliniita mara tatu nisisikie. Aliitwa Bwana Gaudens, mtu wa Kilimanjaro, muuza vitunguu na maharage kwa jumla pale karibu na soko.

"Wewe Mwinyimvua, umeziba masikio?"

"Hapana, Bwana Gaudens. Masikio yangu yamehamia chini. Ukitaka nisikie, vuta pindo la kanzu."

Akavuta. Nikajifanya nimeshtuka, nikainama kama askari mbele ya gavana. "Naam, bwana, sasa nimesikia." Hoteli nzima ikacheka.

Haikupita wiki, kila mteja akawa anavuta. Walivuta kanzu yangu, wakavuta na ya Mzee Bakili. Mzee Bakili hakucheka. Mchana mmoja tulipokuwa tunafuta meza, akaniambia, "Mwanangu, wewe umebeba sambusa. Mimi nimebeba moto. Waambie waache."

"Nitawaambia, mzee."

Sikuwaambia. Watu walikuwa wanaupenda mzaha wangu, nami nilipenda wanavyoupenda.

Jumapili iliyofuata Bwana Gaudens alikuja baada ya misa pamoja na mkewe Severa na binti yao Celina, mtoto wa miaka minne. Hoteli ilijaa. Celina alichoka kukaa, akashuka kitini, akasimama njiani katikati ya meza. Mzee Bakili alikuwa anamimina chai meza ya jirani, mgongo ameuelekeza kwao. Birika lilikuwa katika mkono wake wa kulia, na mtoto alikuwa upande huohuo.

Bwana Gaudens alitaka sukari. Akanyoosha mkono, akavuta pindo la kanzu.

Mzee Bakili akayumba. Birika likainama, chai ikamwagika, kikombe kikaanguka na kuvunjika. Celina akaanza kulia. Tone moja au mawili yalikuwa yameangukia kiatu chake.

Bwana Gaudens akasimama. "Mmemwona huyu mzee? Nusura amchome mwanangu. Mtu mikono inatetemeka, bado mnampa birika?"

Mzee Bakili kwanza alilitua birika chini, akahakikisha limekaa sawa. Ndipo akaushika mkono wake wa kushoto. Uliungua kutoka kwenye kiwiko mpaka vidoleni.

Mpishi akatoka jikoni mbio na bakuli la unga ili ampake. Mwanamke mmoja aliyekuwa akinywa chai pembeni akamzuia. Alikuwa Klara, nesi, jirani yake Mzee Bakili.

"Weka unga wako chini, kaka. Usimpake kitu. Nileteeni maji safi ya baridi, mengi."

Akaumwagia mkono ule maji taratibu, kwa muda mrefu. Kisha akaufunika kwa kitambaa safi, akaondoka naye kwenda hospitali.

Kesho yake Bwana Hamud aliniita.

"Bakili nimekaa naye miaka kumi na mmoja," akasema. "Lakini mkono umezeeka, Mwinyimvua. Jana kajimwagia mwenyewe, kesho atamchoma mtoto wa watu. Gaudens kasema hakanyagi hapa, yeye na wenzake wote, mpaka Bakili aondoke. Nifanye nini mimi? Atapumzika tu."

Nikaitikia, nikarudi kwenye sambusa zangu.

Alasiri nikaenda kwa Mzee Bakili, Mchikichini. Nilimkuta barazani, mkono ameuweka juu ya mto. Klara alikuwa anambadilishia bendeji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hoteli mmefungaje leo?"

Nikajibu kwamba tumefunga salama. Habari ya Bwana Hamud sikuweza kuisema.

Klara akaniita karibu. "Njoo utazame. Wewe ulikuwepo. Birika alilishika mkono gani?"

"Wa kulia."

"Na mtoto alisimama wapi?"

"Kulia."

"Basi mbona mkono wa kulia ni mzima, na wa kushoto ndio umeungua hivi?"

Nikamtazama Mzee Bakili. Akatazama barabarani.

"Nilipoyumba niliona utepe wa nywele zake," akasema. "Nikapitisha mkono. Hapakuwa na wakati wa kufikiri."

"Kwa nini hukusema, mzee?"

"Ningesemaje na mtoto analia? Na kama ningesema nilivutwa kanzu, Hamud angeuliza watu wamejifunza wapi kuvuta kanzu." Alinitazama kidogo tu, kisha akageuza uso.

Klara akamaliza kufunga bendeji. Hakunikaripia. Alisema nami kama anavyosema na wagonjwa wake, polepole.

"Sikiliza, Mwinyimvua. Mtu aliyebeba chai ya moto hana mkono wa pili. Hana macho ya nyuma. Ukimgusa ghafla, mwili wake unaruka kabla yeye hajajua. Ukimtaka, inua mkono, ungoje akutazame. Akikutazama ndipo useme shida yako."

"Na akichelewa kutazama?"

"Utakunywa chai yako dakika mbili baadaye. Mzee Bakili atauguza ngozi yake mwezi mzima, na hivi vidole viwili sijui kama vitakunjika tena vizuri. Wewe pima mwenyewe." Akakusanya vitu vyake. "Na mtoto asisimame njia ya birika. Mkalisheni upande wa ukutani. Watu nao warudishe miguu chini ya meza. Haya si mambo ya wakubwa wa serikali. Kila mtu anaweza."

Nikarudi Kariakoo kwa miguu. Njia nzima nilitafuta mzaha wa kuanzia. Sikuupata. Nikamwambia Bwana Hamud kila kitu, wapi mtoto alisimama na mkono upi uliungua. Mwisho nikamwambia nani aliwafundisha watu kuvuta.

"Wewe?" akauliza.

"Mimi."

Akanyoosha kidole mlangoni. "Nenda kwa Gaudens. Mwambie kama ulivyoniambia, usipunguze. Akikubali, Bakili atarudi. Asipokubali, mimi sina hoteli bila wateja."

Bwana Gaudens alikuwa dukani, amesimama kati ya magunia. Severa alikuwa anachambua maharage, na Celina alicheza miguuni pake.

"Umetumwa kuja kunichekesha?" akauliza.

"Leo sina kichekesho, Bwana Gaudens."

Nikasema yote. Akatikisa kichwa. "Nilivuta kidogo tu. Watu wote wanavuta. Na wewe ndiye uliyesema tuvute."

"Ni kweli. Nilisema. Nimekosa mimi kwanza."

Severa aliacha kuchambua. "Baba Celina," akasema, "mkono wa yule mzee ulipita mbele ya uso wa mtoto. Niliuona. Nikadhani anajishikiza asianguke."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unagomba."

Bwana Gaudens akamtazama Celina, mashavu yake, macho yake. Akakaa juu ya gunia la vitunguu. Akauliza, "Mzee Bakili anakaa wapi?"

Nikamwelekeza. Walikwenda wote watatu jioni ileile. Sikufuatana nao, wala sikuuliza waliyosemezana.

Mwezi ule mimi nilibeba birika. Ndipo nilipojua uzito wake. Kila mteja aliyenivuta nilitua birika kwanza, nikamwambia, "Masikio yangu yamerudi mahali pake, bwana. Inua mkono, nitakuona." Wengine walicheka. Karani mmoja wa Posta alinuna, akasema chai ya Hamud siku hizi ina sheria kama forodhani. Nikamweleza habari ya mkono wa Mzee Bakili, yote, kuanzia kwenye mzaha wangu. Akarudisha miguu yake chini ya meza. Bwana Hamud naye akaondoa meza mbili ili njia iwe pana, ingawa ilimuuma.

Mwezi ulipokwisha, Mzee Bakili alirudi, siku ya Jumapili. Vidole viwili havikukunjika vizuri, na kovu lilipanda mpaka kiwikoni. Alipewa birika dogo zaidi. Kila alipotoka jikoni alisema kwa sauti ya kawaida, "Birika linapita," na miguu ikaingia chini ya meza.

Bwana Gaudens alikuwapo na jamaa yake. Celina alikaa upande wa ukutani. Kikombe cha Bwana Gaudens kilikuwa kitupu. Aliinua mkono, akangoja.

Meza ya jirani alikaa mgeni aliyefika mjini wiki ile. Alikuwa amesikia kwa wenzake ule mzaha wa zamani wa kuvuta kanzu, naye akanyoosha mkono kuelekea pindo la Mzee Bakili.

"Usimvute babu," Celina akasema. "Ana moto."

Mkono wa mgeni ukabaki hewani. Kisha akaurudisha, akauweka juu ya meza.

Mzee Bakili aligeuka polepole. Akamwona Bwana Gaudens, akaja, akashika kikombe kwa mkono wenye kovu na kumimina kwa mkono wa kulia. Halikudondoka hata tone.

"Ahsante, mzee wangu," akasema Bwana Gaudens.

Mimi nilikuwa nimesimama na sahani ya sambusa, nawatazama tu. Mzee Bakili akapita karibu yangu.

"Mwinyimvua," akasema, "masikio yako yako wapi leo? Meza ya tano wanakuita."

Nikageuka. Meza ya tano mtu mmoja alikuwa ameinua mkono, ametulia, ananingoja nimtazame.

Nikaenda.