King'amuzi cha Marehemu Zacharie

Melchior alikuwa jirani yangu pale Akalla, huku Sweden, ghorofa ya sita, mlango wake ukitazamana na wangu. Mengine ya haya niliyaona kwa macho yangu, na mengine alinieleza mwenyewe akiwa jikoni kwangu, chai inapoa mbele yake. Kwa nini alinieleza, nilikuja kujua mwishoni. Ningejua mapema nisingemfungulia mlango.

Basi, ilikuwa Jumamosi moja ya Novemba, mwaka 2008, siku isiyo na neno. Melchior aliamka, akanywa uji, akabeba sanduku lake la vifaa na kupanda basi kwenda Jakobsberg. Siku za kazi alikuwa anasafisha mabasi gereji, lakini wikiendi alikuwa fundi wetu sote, Warundi, Waganda, Wakongo, hata Onyango, yule Mkenya wa ghorofa ya pili aliyejisifu kwamba hajawahi kuvaa glavu tangu afike Sweden. Dishi limepinda, mwite Melchior. Picha inakatika, mwite Melchior. Na tangu matangazo ya zamani yazimwe, kila nyumba ikalazimika kuwa na king'amuzi, simu yake ilikuwa haipumziki.

Siku hiyo aliitwa na Mama Paskalia, mjane wa mzee Zacharie. Wenye jengo walikuwa wametoa barua kwamba madishi yote yaondolewe kwenye roshani, na mzee hakuwepo wa kuliondoa la kwake, alifariki mwezi wa saba. Melchior akafungua dishi, akakunja waya. Sebuleni akaona king'amuzi juu ya kabati kimefunikwa kitambaa cheupe. Mama Paskalia akamwambia kila kitu humu ndani aguse, hicho asikiguse. Kwa Warundi mali ya marehemu haitoki nyumbani mpaka siku ya kuganduka, siku ya kumaliza msiba, na mwaka ulikuwa bado kutimia. Melchior kazaliwa Buyenzi, Bujumbura, kakulia humo humo. Hilo hakuhitaji kufundishwa.

Lakini mama alipokwenda jikoni kuleta chai, Melchior akainua kitambaa. Nyuma ya kile king'amuzi kulikuwa na matundu mawili, moja la dishi na moja la antena ya kawaida. Ndicho alichokuwa akikitafuta mwezi mzima. Kwenye sanduku lake alikuwa na kibovu cha mteja mwingine, rangi ile ile, ukubwa ule ule. Akabadilisha. Akafunika kitambaa vizuri, akanywa chai yake, akamshukuru mama wa watu na kumtakia heri.

Mtasema ni mwizi, na mwizi ndiye. Ila sababu yake ilikuwa nyumbani. Mkewe Laurence alikuwa amezika mtoto masika ya mwaka ule, Belyse, miaka kumi na mmoja, binti wao wa pekee. Homa ya uti wa mgongo, siku tatu tu. Toka siku hiyo Laurence aliacha kazi, akawa anawasha televisheni asubuhi na kuizima usiku. Haangalii. Alitaka sauti tu ndani ya nyumba. Kisha king'amuzi chao kikafa, nyumba ikanyamaza kabisa, na Melchior akawa anamkuta amekaa mbele ya kioo cheusi, mikono mapajani. Mume gani angevumilia? Alimpenda yule mwanamke, hilo simnyimi.

Alipofika akaunganisha antena, maana dishi na kwetu pia lilipigwa marufuku. Akawasha. Kioo kikaonyesha mistari miwili, Nguvu na Ubora. Nguvu themanini. Ubora kumi na nne. Hapo fundi anajua mawimbi yanafika ila yamechafuka, kwa hiyo anaanza na waya. Akakata ncha, akamenya upya, akafunga nati mpya. Kumi na nne. Akatoa kigawanyio, waya uende moja kwa moja. Kumi na nne. Akawasha umeme wa antena kwenye menyu, akaipeleka roshani na kuielekeza Nacka, kwenye mnara wa matangazo. Kumi na nne, haipandi wala haishuki. Akatafuta chaneli, ikapatikana moja tu, na jina lake ni ZACHARIE. Akafikiri mzee alikuwa amejiandikia mwenyewe.

Laurence akatoka kwenda roshani kuunasua waya uliobanwa na mlango. Akaishika antena. Ubora ukaruka mpaka thelathini na moja.

Melchior akamwambia asimame hapo hapo, asisogee. Nani kati yetu hajawahi kusimamishwa hivyo, mkono kwenye antena, wengine wanaangalia mpira? Mwili wa mtu husaidia mawimbi, kila mtu anajua. Picha ikaja vipande vipande. Palikuwa nje, pana theluji, pana kitu mfano wa vyuma vimesimama wima. Na mtu mdogo amevaa koti la manjano, amegeuza mgongo.

Koti lile Melchior alilijua. Laurence mwenyewe ndiye aliyelifunga vifungo, ndani ya jeneza.

Alipomwambia mkewe, Laurence akaiachia antena na kukimbilia ndani. Kioo kikawa cheusi. Hakuna mawimbi. Akarudi akashika, mtoto akarudi. Wakaigeuza televisheni itazame roshani ili naye aone. Alipoinua macho tu, Ubora ukaanguka sifuri. Wakabadilishana, Melchior akashika yeye. Sifuri. Akashika kwa mikono miwili, akavua viatu. Sifuri. Basi ikawa mmoja wa kushika na mmoja wa kuona, na hawakuchagua wao nani awe nani.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yao. Melchior anarudi saa tisa alasiri, giza limeshaingia kama ilivyo kwetu huku Desemba, Laurence anavaa makoti mawili na kwenda roshani. Anasimama saa nzima. Saa mbili. Melchior amekaa kwenye kochi anamsimulia kupitia mlango ulio wazi kidogo. Amegeuka kidogo sasa. Nywele zake ni zile zile ulizomsuka. Naye Laurence akicheka na kulia huko nje, nikimsikia mimi kupitia dirishani, nikafikiri Mungu amewarudishia furaha.

Ubora ulikuwa unapanda kila siku. Arobaini. Hamsini na mbili. Sitini na sita. Picha ikawa safi, mtoto akawa anasogea karibu.

Na Laurence akawa anapungua. Nilikutana naye kwenye lifti, pete imemchomoka kidoleni akaiokota sakafuni, na dakika ile ile ikaanguka tena. Kucha zake zilikuwa za buluu. Aliniambia baridi haimtoki hata akioga maji ya moto. Nikamwambia aende hospitali, akatabasamu. Midomo yake ilikuwa imepasuka na haitoi damu.

Melchior hakuona hayo? Aliona. Aliniambia mwenyewe kwamba aliona.

Ubora ulipofika sabini, Belyse akageuka mzima mzima na kuanza kusema. Mdomo ulifunguka, ukafungwa, ukafunguka, lakini sauti hakuna. Melchior alijua kwamba mawimbi yakiwa hafifu picha inaweza kuja na sauti isije. Laurence akauliza kutoka nje, kwa sauti ndogo.

"Baba Belyse. Anasema nini?"

Melchior hakujua. Mtoto alikuwa anatikisa kichwa, anasema neno lile lile kila mara, na Melchior hakujua ni neno gani. Lakini alijua kwamba mkewe amechoka na mkono wake umeanza kulegea.

"Anasema, mama usiachie," akajibu.

Uongo huo mdogo. Laurence akakaza vidole.

Siku chache baadaye Mama Paskalia akapiga simu. Alikuwa amepangusa vumbi, akainua kitambaa, akakuta kitu si chake. Hakufoka wala hakumwita mwizi. Alinong'ona tu, mpaka Melchior akalazimika kubana simu sikioni. Alisema mzee Zacharie hakufa usingizini kama walivyotangaza kanisani. Alikufa amesimama dirishani, mkono kwenye antena, na yeye Paskalia akiwa kwenye kiti anamwangalia kwenye televisheni marehemu kaka yake akipika ugali. Angekitupa siku ile ile, lakini mila imemfunga, kitu cha marehemu hakitoki mpaka kuganduka. Ndiyo maana alikifunika. Alikuwa anasubiri mwaka utimie akivunje.

"Kirudishe leo," alisema. "Mwanangu, leo."

Melchior akaitikia ndiyo mama, kesho asubuhi. Kesho! Ubora ulikuwa umefika themanini na nane, na yeye alitaka kusikia sauti mara moja tu.

Alasiri hiyo nyota za karatasi za Krismasi zilikuwa zinawaka kila dirisha ng'ambo ya uwanja, na theluji inaanguka. Laurence hakuweza kuvaa koti mwenyewe, Melchior akamvisha. Akamfunga vifungo kimoja kimoja. Akamwongoza mpaka roshani na kumwekea mkono kwenye antena, maana vidole havikujua tena kukunja.

Akarudi kwenye kochi.

Tisini. Picha ikasafika. Sasa akaona vile vyuma ni nini. Ni vyuma vya roshani. Kuna kiti chekundu cha plastiki, kiti chao, kimejaa theluji. Kuna mwanamke mwenye makoti mawili, mkono juu. Na pembeni yake Belyse amepiga magoti, anajaribu kumbandua mama yake vidole, kimoja kimoja, kwa mikono yote miwili. Melchior akatupa macho kwenye mlango wa kioo. Kwenye roshani ya kweli, Laurence alikuwa peke yake.

Tisini na sita. Sauti ikaja.

"Baba, mwambie mama aachie."

Ilikuwa sauti yake. Ile ile, ya kukwaruza kidogo, ya mtoto aliyetoka kuamka.

"Baba, mwambie aachie. Baba."

Hapa ndipo Melchior, kule jikoni kwangu, aliposukuma kikombe cha chai pembeni. Kisha akasema, bila kupepesa macho, kwamba hakuinuka. Alikuwa hajaisikia sauti ile tangu masika. Alitaka imwite baba mara moja zaidi. Ikamwita. Akataka moja zaidi. Ni mara ngapi, hasemi.

Tisini na tisa.

Ndipo akaenda mlangoni. "Mama Belyse," akasema. "Achia."

Laurence hakugeuka. Sauti yake ilikuwa nyembamba, imetulia.

"Amesema nisiachie."

Nyuma ya Melchior, sebuleni, mtoto akapiga ukelele mmoja kwenye televisheni. Kisha televisheni ikazimika yenyewe.

Watu wa gari la wagonjwa walikuja upesi, hilo lazima niseme. Daktari aliandika moyo. Lakini nilikuwepo mlangoni walipombeba, na walimbeba na antena yake mkononi, kwa sababu vidole vilikataa. Vilikuja kufunguliwa huko huko hospitali. Antena wakamrudishia mume, ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na pete.

Tukazika. Tukakaa msibani siku zote, tukaimba, tukapika. Nami nilikiona kile king'amuzi kila nilipopita sebuleni, habari zake nilikuwa bado sijazijua. Kilikuwa kimefunikwa kitambaa, nikashukuru. Nikajua Melchior amekumbuka mila.

Wiki moja baadaye ndipo alipokuja kwangu na kunieleza haya yote. Alipomaliza akasema kuna jambo la mwisho. Alikuwa amekifunua kile king'amuzi. Alitafuta chaneli upya, zikapatikana mbili. ZACHARIE, na chini yake LAURENCE.

Aliifungua hiyo ya pili. Nguvu themanini. Ubora kumi na nne. Akashika antena mwenyewe usiku mzima, akavua shati, akaibusu. Sifuri. Kile kitu hakimtaki. Akaniangalia kwa upole, macho makavu, sauti ya fundi anayeomba bisibisi.

"Dada Gaudiosa, njoo unishikie dakika moja tu."

Nilimtoa nje. Nilifunga kufuli na mnyororo, nikasimama nyuma ya mlango nimebandika sikio. Hakunibembeleza. Nikamsikia akishuka ngazi taratibu, ya tano, ya nne, ya tatu. Ghorofa ya pili akasimama, akabisha. Nikasikia mlango unafunguliwa, na kicheko kikubwa cha Onyango. Ah, antena tu, mzee, hiyo ndiyo ya kuniombea hivyo?

Ningeweza kufungua mlango na kuita kwenye ngazi. Nilikuwa na muda. Lakini niliwaza kwamba akimpata huyo, hatabisha tena kwangu.

Ijumaa nilikutana na Onyango kwenye lifti. Alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za kazi. Alikuwa amevaa glavu mbili, moja juu ya nyingine, akasema baridi ya mwaka huu si mchezo.