Kiingereza cha Turang

Nyumba ya Oribech huko Koror, katika visiwa vya Palau, ilikuwa nyumba ya kelele. Kila asubuhi mama yake, Bibi Emais, alimenya magimbi huku akibishana na redio. Mume wa Oribech, Skebong, alitafuta kofia yake ya kazini na kuuliza nani ameificha. Skebong aliendesha boti ya kupeleka wapiga mbizi kwenye miamba, na bila kofia jua lilimchoma utosi. Kofia ilikuwa kichwani mwa Turang, binti yao wa miaka saba.

Turang alipenda kusema. Alianza sentensi kwa Kipalau, akaikatisha kwa Kiingereza, akaimalizia kwa neno la Kijapani ambalo bibi yake alilipata shuleni zamani. Hakuna aliyeona ajabu. Watoto wote wa mtaa walisema hivyo.

Mwaka mmoja baada ya uhuru, Oribech alikwenda Guam, kisiwa cha Wamarekani, kutafuta kazi. Akapata ya ukeshia katika duka kubwa. Alikaa huko miezi minane. Aliporudi alileta zawadi, alileta kanda za video za katuni za Kimarekani, na alileta sheria.

"Kuanzia leo," alisema, "ndani ya nyumba hii mtoto anasema Kiingereza tu. Na si hiki chetu cha barabarani. Anasema kama watu wa kwenye kanda. Akikosea, anarudia mara kumi."

"Mara kumi?" Skebong akauliza. "Hata polisi hawafanyi hivyo."

"Usifanye mzaha, baba Turang. Nataka asome, aende mbali."

"Wewe umefika Guam na hiki chetu, umerudi. Kuna ubaya gani?"

Oribech akaanza kupanga kanda mezani. Hakumwambia mtu yeyote kilichotokea Guam.

Siku ile ile ya kwanza, jioni, Turang alimwambia baba yake kwa Kiingereza afunge taa.

"Taa haifungwi," Oribech akasema. "Mlango ndio unafungwa. Taa inazimwa. Rudia."

Turang akarudia mara kumi. Mara ya saba sauti ilianza kutetemeka. Skebong akaizima taa mwenyewe, kisha akasema, "Mimi wageni wangu nawaambia rukeni hapa, wanaruka. Hajatokea hata mmoja aliyeibuka majini kunisahihisha."

"Nyamaza na wewe."

Bibi Emais alijua maneno machache tu ya Kiingereza. Alipokuwa akimsimulia Turang habari za shamba, Oribech alimkatiza. "Mama, nisamehe. Mtoto akiwepo, kama huwezi Kiingereza, afadhali unyamaze."

Bibi Emais aliinuka. Akachukua kisu chake na beseni la magimbi, akaenda kukaa kwenye jiko la nje. Tangu siku hiyo alimenya magimbi huko.

Nyumba ikatulia. Turang akawa mtoto wa "ndiyo" na "hapana". Oribech aliona ni adabu imeingia. Hata majirani aliwaambia, "Siku hizi mtoto wangu hapayuki ovyo."

Ikapita miezi miwili. Jumatatu moja Turang hakumaliza chakula. Jumanne aliitwa mara tatu ndipo akageuka. Jumatano mwalimu aliandika barua fupi: mtoto hasikilizi darasani, amelala juu ya dawati, akiulizwa hajibu.

"Una nini?" Oribech alimuuliza kwa Kiingereza kizuri. "Sema kwa sentensi nzima."

Turang akatikisa kichwa.

Alhamisi asubuhi, Bibi Emais alimgusa shingo akampata anawaka moto. Hakuomba ruhusa ya mtu. Alimbeba mgongoni hadi barabarani, umri wake wote ule, na Oribech akawafuata akivaa viatu huku anakimbia.

Kwenye zahanati palikuwa na daktari Mmarekani, kijana, aliyefika visiwani wiki sita tu zilizopita. Alikuwa mpole. Aliinama, akatabasamu, akamuuliza Turang maswali mengi kwa haraka. Turang aliangalia ndala zake. Daktari akauliza tena, polepole. Kimya.

"Mjibu daktari," Oribech alisema. "Mjibu vizuri."

Midomo ya Turang ilifunguka. Ikafungwa.

Daktari akamvuta Oribech pembeni. Akamuuliza kwa sauti ya chini kama mtoto aliwahi kuongea hata siku moja. Akamuuliza kama kuna wengine wa namna hiyo katika ukoo. Pengine, alisema, angeandika barua ili mtoto apelekwe kwenye darasa la watoto wenye akili nzito. Oribech aligeuka kumtazama binti yake. Turang, aliyekuwa akisema hadi usingizini.

Muuguzi mmoja alikuwa akifunga kidonda upande wa pili wa chumba. Alikuwa Bedebii, jirani yao, mtu wa miaka ishirini katika kazi hiyo. Alimaliza, akanawa mikono, akaja kuketi sakafuni mbele ya Turang kama mtu anayepumzika.

"Haya, bosi," akamwambia, Kipalau na Kiingereza cha mtaani vikiwa vimechanganyika kama samaki na nazi. "Nani amekufunga mdomo? Niambie nikamchape."

Turang akamtazama mama yake kwanza. Kisha akasema, kwa sauti ya kukwaruza, "Sikio. Tangu Jumapili. Kuna mtu anagonga ndani."

"Anagonga vipi? Kama mlango au kama nyundo?"

"Kama nyundo. Nikimeza mate anagonga zaidi."

"Mbona hukumwambia mama?"

"Sijui kugonga kwa Kiingereza cha kwenye kanda wanasemaje. Nikikosea narudia mara kumi. Nikirudia, sikio linauma."

Bedebii alimweleza daktari, neno kwa neno, bila kupunguza. Daktari alichukua kurunzi yake ndogo akachungulia sikioni. Ngoma ya sikio ilikuwa imevimba na kuiva kwa usaha. Wangechelewa siku mbili ingeweza kupasuka, na usikivu wa mtoto ungeharibika. Alitoa dawa ya siku kumi na ya kushusha homa. Ile barua hakuitaja tena. Alimwomba Turang radhi, akamshika bega.

Kurudi nyumbani, Oribech ndiye aliyembeba mtoto mgongoni.

Alasiri Bedebii alipita na popoo mbichi na majani ya tambuu mfukoni. Alikuta Turang amelala na Skebong amerudi mapema kutoka baharini. Akaketi barazani, akapasua popoo, akatia chokaa, akampa Oribech nusu.

"Unanichukia?" Oribech akauliza.

"Sina nafasi ya kumchukia mtu, mdogo wangu. Nataka kujua tu. Guam kulikuwa na nini?"

Oribech alitia popoo mdomoni akatafuna. Ndipo akasema. Mteja mmoja alikuja kaunta kwake kila Ijumaa na rafiki zake. Kila Oribech aliposema neno lenye p, alilisema kwa b, na wao walilirudia kwa b, wakacheka. Walimpa jina. Baadaye hata wenzake wa kaunta walimwita jina hilo. Aliacha kusema. Alipiga bei kwenye mashine, akatoa risiti, akainamisha kichwa, miezi sita.

Skebong aliinuka, akakaa tena. "Hukuniambia."

"Ningekuambia kwa Kiingereza kipi?"

"Wale watu hawakuwa na adabu," Bedebii alisema. "Hilo tuliseme kwanza. Lakini sikiliza. Jina la nchi yetu tunalitamkaje sisi?"

"Belau."

"Na wageni?"

"Palau."

"Masikio yao yalisikia p, wakaandika p. Sisi tukasema sawa. Hatukuwaambia warudie mara kumi. Lugha yetu p na b ni mtu na pacha wake. Basi Kiingereza kikija kwetu kinakuta midomo iliyokwisha zoea, na kinakaa humo. Hicho si Kiingereza kilichovunjika, Oribech. Ni Kiingereza kilichohamia."

"Maneno matamu hayo, dada. Mwenye duka hayajui."

"Fikiri Kijapani. Walikaa hapa miaka thelathini, wakaondoka. Sisi leo umeme tunauitaje? Simu tunaiitaje? Ni maneno yao, lakini Mjapani akitusikia anauliza mara mbili. Yamekuwa yetu. Wamarekani nao wakaja na shule zao, na bendera ikashuka, lakini Kiingereza hakikupanda ndege. Tunakitumia ofisini, kanisani, sokoni. Watoto wanakitumia kucheza. Mtu akitumia kitu kila siku, kinapata umbo la mkono wake. Nimefanya kazi na madaktari kutoka Marekani, Fiji na Ufilipino. Kila mmoja ana Kiingereza chake cha kwao. Hata Wamarekani hawasemi sawa. Wa kusini na wa kaskazini waliwahi kubishana mbele yangu juu ya jina la soda."

Skebong akacheka. Oribech hakucheka.

"Kwa hiyo nimwache na hiki chetu tu? Afike huko wamcheke?"

"Hapana," Bedebii alisema. "Anahitaji kile cha vitabuni pia. Atafanya mitihani, ataandika barua za kazi. Mfundishe. Lakini kiongezwe, kisitolewe kingine. Muulize mume wako anavyofanya. Skebong, ukiwa na wageni kwenye boti unasemaje?"

Skebong akajikohoza. Akasema kwa Kiingereza cha polepole, kila neno limesimama peke yake, kwamba mkondo wa maji una nguvu na kila mtu akae karibu na mwenzake. Kisha akageuka, akasema jambo hilo hilo kama anavyomwambia msaidizi wake, kwa Kiingereza cha mtaani, maneno mafupi yenye Kipalau katikati. Oribech alimtazama kama mgeni. Aliishi naye miaka tisa na hakuwahi kujua kwamba mtu huyu ana Kiingereza cha namna mbili.

"Nani alikufundisha?"

"Bahari. Nikiwaambia wageni kile cha kwetu wanazama. Nikimwambia msaidizi kile cha wageni ananicheka."

"Umeona?" Bedebii akasema. "Kila kimoja na mahali pake. Mtoto akijua sana lugha ya nyumbani, za nje anazishika upesi. Akiongea, jibu kwanza alichosema. Anaumwa? Mtibu. Ana njaa? Mpe chakula. Baadaye, mkiwa mmetulia na kitabu, mwambie, hapa tunasema hivi, na kwenye karatasi ya mwalimu tunaandika hivi. Na bibi yake arudi ndani. Maneno mengi ya Turang yako kwa yule mama."

Oribech aliinuka akaenda jiko la nje. Bibi Emais alikuwa akichochea moto. Hakugeuka.

"Mama, nimekukosea."

Bibi aliendelea kuchochea. Kisha akasema, "Nilipokuwa mdogo kama Turang, shule ilikuwa ya Wajapani. Nilimwambia mwenzangu neno moja la Kipalau, nikasimamishwa juani hadi mchana. Niliporudi nyumbani sikumwambia mama. Niliona aibu, kama vile nimeiba. Ulipokuja na sheria yako nilijisemea, kumbe jua lile lilikuwa bado linanisubiri, tena kwa binti yangu."

Oribech alichuchumaa kando yake na kulia. Bibi alimwacha alie kidogo, halafu akamsukumia beseni. "Menya. Huwezi kulia bure."

Jioni hiyo Bibi Emais alirudi kula ndani. Turang alipoamka homa ilikuwa imeshuka. Akanong'ona kwa Kipalau, "Tunakula nini?" Kipalau kina "sisi" mbili: moja inamwacha nje anayeambiwa, nyingine inamtia ndani. Bibi Emais akaweka kijiko chini. "Mmesikia? Ametumia ile yenye sisi sote ndani."

Haikuwa rahisi. Mara nyingi Oribech alifungua mdomo kusahihisha, akaufunga. Kwa wiki nzima Turang alimwangalia kwanza kabla ya kusema. Kisha siku moja alisahau kuangalia, na tangu hapo hakukuwa na wa kumzuia. Kila baada ya chakula walisoma pamoja ukurasa mmoja wa kitabu. "Mama," Turang aliuliza, "hii ni ya mwalimu au ya kwetu?" Wakaigawa, sentensi kwa sentensi, na mara nyingine wakabishana. Mwisho wa muhula mwalimu aliandika barua nyingine: Turang anasoma vizuri kuliko wengi darasani, ila anaongea mno.

Aliyenufaika ambaye hakutarajiwa alikuwa Bibi Emais. Alikaa kando ya kitabu akimenya, akiokota neno moja leo na jingine kesho. Mwezi wa pili wa masomo hayo goti lake lilivimba. Oribech na Turang walimsindikiza zahanati. Daktari alikuwa yule yule. Oribech alitaka kumsemea, lakini mama yake alimzuia kwa mkono.

"Daktari," Bibi Emais alisema kwa Kiingereza, p zake zote zikiwa b, "goti langu limechoka tayari. Mimi bado."

Daktari alivuta kiti. Akamuuliza limechoka tangu lini, tangu mvua au tangu shamba. Aliuliza bila haraka, akiacha nje yale maneno madogo ya Kiingereza ambayo watu wa hapa huyaacha, na mwishoni akatia neno la Kipalau la heshima kwa mwanamke mzee. Hakuonekana kujua kwamba amefanya hivyo. Bibi Emais alimjibu kila swali, akapewa dawa ya kuchua na amri ya kupumzika.

Nje alimshika Oribech mkono ili ashuke ngazi.

"Kijana huyu nilimhurumia alipofika," alisema kwa Kipalau. "Lakini sasa Kiingereza chake kinaanza kunyooka."